Mwani wa Bretagne: nitrati imepungua, mbona bado unaota?

Paje na Jambiani, Zanzibar, mwani ni mali: huanikwa, hupimwa, huuzwa. Kule Bretagne, magharibi ya Ufaransa, upo mwani mwingine, wa kijani, mwembamba kama jani la saladi, na huo huzolewa kwa mashine usije ukaozea ufukweni. Ukioza, chini ya gamba lake kavu hujikusanya hidrojeni salfaidi, gesi inayonuka mayai viza. Mwaka 2009 farasi alikufa Saint-Michel-en-Grève na aliyempanda akazimia. Mwaka 2011 nguruwe mwitu 36 walikutwa wamekufa kwenye mlango wa mto Gouessant.

Chanzo hakibishaniwi sana tena. Bretagne hufuga zaidi ya nusu ya nguruwe wa Ufaransa. Samadi humwagwa mashambani, mvua hukokota nitrati yake, chakula cha mwani, hadi mitoni, na mito huishia kwenye ghuba za kina kifupi ambazo maji yake hayabadiliki upesi. Ubishi ni kama wakulima wametimiza wajibu wao.

Ajabu ni kwamba pande zote mbili hutumia takwimu zile zile. Miaka ya 1990 mito ilibeba nitrati karibu miligramu 50 kwa lita. Siku hizi ni thelathini na kitu. Wakulima wanasema: tumejenga matangi ya samadi, tumepunguza mbolea, tunapanda mazao ya kufunika udongo wakati wa baridi, mnataka nini tena? Tena ni serikali iliyowahimiza, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wafuge kwa wingi. Watu wa pwani hujibu kwamba ghuba zilizoathirika zaidi zinahitaji nitrati ishuke hadi karibu miligramu 10 kwa lita. Hapa nipo upande wa pwani. Anayeshiba kwa sahani moja, ukimpunguzia kutoka tano hadi tatu, hujamfungisha.

Wakulima wana hoja nyingine: nitrati iliyozama ardhini miaka mingi iliyopita bado inatoka. Ni kweli, ila ukweli huu hugeuzwa kisingizio kwa urahisi mno.

Lakini kumbana mkulima peke yake ni kukwepa hesabu. Soya ya kulishia nguruwe hushushwa bandari za Brest na Lorient kutoka Brazili. Nyama hutoka kwa bei inayobanwa na supamaketi. Anayebaki na samadi ni yeye tu. Sheria kali isiyosema nani atamfidia itawaondoa wafugaji wadogo, na wakubwa watanunua mashamba yao wapate pa kumwaga zaidi. Kwa upande mwingine, mipango ya serikali dhidi ya mwani huu iliyoanza 2010 imeegemea hiari, na Mahakama ya Hesabu ya Ufaransa, mkaguzi wa fedha za umma, ilisema wazi mwaka 2021 kwamba matokeo yake ni haba.

Juni 2025 mahakama ya rufaa ya utawala ya Nantes iliibebesha serikali sehemu ya lawama kwa kifo cha mtu aliyekuwa akikimbia mazoezi kwenye mlango wa Gouessant mwaka 2016. Kosa lililotajwa ni kushindwa kusimamia sheria za maji ambazo tayari zilikuwepo.