Oveni ya Mama Si ya Kuoka

Oveni ya mamangu haikununuliwa kuoka. Imo jikoni kwetu Majengo tangu nina akili zangu, na kazi yake ni kuweka masinia, masufuria ya pilau, na mifuniko ambayo sufuria zake zilishapotea. Mkate wa sinia Mama huupika kwa makaa, moto chini na moto juu, na akikusikia wataja oveni atakuuliza nani atalipa tokeni.

Kwa hivyo nilipotangaza kwamba wageni wa Lamu nitawaokea tortilla za kuviringwa, zenye kima na chizi ndani, alinitazama kuanzia utosini hadi kwenye ndara.

"Tori-nini?"

Nikamweleza ni mkate wa Meksiko, mwembamba, hautiwi hamira, wa mahindi au wa ngano.

"Hiyo chapati," akasema, akarudi kwenye mchele wake.

Kima niliikaanga mpaka ikakauka, maana ikibaki na mchuzi tortilla hulowa ikapasuka. Niliitia vitunguu, thomu, pilipili na bizari nyembamba, ambayo Wameksiko nao huipenda, kwa hivyo pua za nyumbani hazikushtuka. Taabu ilikuja na chizi. Nilimtuma mdogo wangu mozzarella, akarudi na paneer, hoja yake kwamba zote nyeupe na hii ndiyo rahisi. Paneer haiyeyuki! Iweke motoni mpaka Kiyama, itatoka na pembe zake zote. Nikamrudisha dukani na jua lile la saa nane, akaenda akinung'unika njia nzima, paneer ikabaki frijini.

Tortilla nilizipasha kidogo kwenye kikaango zilainike, nikatia kima, nikatia chizi iliyokwaruzwa, nikaviringa. Nikazipanga kwenye trei, mkunjo chini zisifunguke, nikazipaka mafuta. Cha kuchovya kilikuwa mtindi niliouchuja kwa kitambaa, nikautia ndimu, dania na pilipili mbichi. Kisha nikaenda kwa oveni. Nikatoa masinia. Nikatoa masufuria. Nikatoa ile mifuniko mayatima. Likabaki sinia moja jeusi lililonasa humo tangu harusi ya kakangu, hilo halitoki hata uite fundi. Nikawasha digrii 200, nikaiacha ipate moto, nikaenda kuwaamkia wageni.

Hatujamaliza kuulizana hali, harufu ikaingia sebuleni. Hiliki! Samli! Zafarani! Khalati akafumba macho.

"Mashallah, chakula cha Kimeksiko chanukia hivi?"

"Ni bizari tu, Khalati," nikamjibu kwa unyenyekevu wa mpishi anayejua anasifiwa. Ndipo nikakumbuka kwamba trei yenyewe bado iko juu ya meza.

Mama alikuwa akimimina kahawa. Mkono ukasimama hewani.

"Oveni umeiwasha?"

"Ndiyo."

"Halwa yangu!"

Kumbe nyuma ya lile sinia lililonasa, imesukumwa hadi mwisho, kulikuwa na halwa ya wageni ndani ya mkebe wa plastiki. Ameificha humo watoto wasiidokoe. Nilipofungua mlango, mkebe ulikuwa umelegea, kifuniko kimejikunja, na halwa yateremka kwenye waya polepole, nyekundu, yang'aa samli. Kila tone likigusa chini lageuka moshi. Nyuzi za halwa na nyuzi za plastiki zilining'inia pamoja, huwezi kujua ipi ni ipi. Mdogo wangu alitaka kuonja ajue, nikampiga kofi la mkono.

Mume wa Khalati akaja mbio na ndoo ya maji. Tukapiga kelele sote, "Stima, amu! Stima!" Jirani naye dirishani:

"Kwenu kwema?"

"Kwema! Twaoka!"

Moshi ulipopungua nikamgeukia Mama. "Nani huficha halwa ndani ya oveni?"

"Na nani huoka ndani ya oveni?" akanijibu, na watu wote mle jikoni, hata wageni, walikuwa upande wake.

Hakusema zaidi. Aliwasha jiko la makaa, akateleka sufuria pana, akapanga tortilla zangu ndani, akafunika kwa sinia na kupakia makaa juu. Hata robo saa haikutimia, zikatoka zimebabuka vizuri, chizi yachemka kwenye ncha. Uchungu niliokuwa nao, Mungu ajua. Ule mtindi wangu Khalati aliuonja kwa ncha ya kidole, akausogeza kando, akaulizia ukwaju. Mumewe alitafuna, akafikiri, akatoa hukumu:

"Sambusa nzuri. Ila zimekosa pembe."

Ikabaki kahawa, na kahawa chungu hainyweki bila kitu kitamu. Mama aliingia jikoni, akafungua friji, akakaa humo kitambo. Alitoka na kisahani cha vipande vyeupe vya mraba, vimemwagiwa asali na kunyunyiziwa hiliki. Khalati akakichukua kimoja, akakigeuza huku na huku.

"Hii ndiyo halwa ya Kimeksiko?"

"Ndiyo," Mama akasema bila kupepesa jicho. "Kula, dada."