Paja likivunjika Newala, Dar ya nini?

Najua nitawaudhi ndugu zangu wanaoamini kila jeraha kubwa dawa yake ni Muhimbili, lakini nasema: mtu aliyevunjika paja huku Kusini, asiye na jeraha jingine la kutisha, atibiwe hukuhuku.

Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550. Mfupa wa paja ukivunjika, lita nzima ya damu au zaidi inaweza kuvujia ndani ya nyama bila tone kuonekana nje. Halafu tunampakia mgonjwa huyo kwenye gari usiku kucha? Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika Somanga na magari yakakwama. Rufaa ya siku zile ingepita wapi?

Wengine hubaki, ila mguu unaning'inizwa kwa mzigo, wiki sita, nane, pengine zaidi. Mfupa unaweza kuunga, sikatai. Lakini mke analala sakafuni pembeni ya kitanda, korosho zinaokotwa na wasio wenyewe, na mgonjwa anapata vidonda vya mgongoni. Akipasuliwa na kupitishiwa chuma ndani ya uboho, kwa kawaida siku chache tu anasimama na magongo. Tena ipo misumari aina ya SIGN, iliyobuniwa ili daktari aifunge bila kuhitaji mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Imeshatumika sana hapa Tanzania. Kwa hiyo hoja ya "hatuna mashine" hainiingii sana akilini.

MOI, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili, tuiachie uti wa mgongo, nyonga zilizosagika na mifupa iliyogoma kuunga.

Kuhusu waganga wetu wa mifupa, siwacheki. Mkono wa mtoto uliovunjika bila jeraha wameutuliza wengi. Ila mfupa ukitoboa ngozi, hapo hapana. Vilevile vijiti vikikazwa mpaka vidole vikawa baridi na ganzi, fungueni upesi, mkimbilie hospitali. Kidonda cha mfupa uliotoboa ngozi kinataka antibiotiki ndani ya saa ya kwanza, sindano ya pepopunda, kufunikwa kwa kitambaa safi na mguu kutulizwa kwa banzi. Hayo kituo cha afya kinaweza, kabla hata ya kuita gari la wagonjwa.

Majengo tunayo: Ligula, Hospitali ya Kanda pale Mitengo, Sokoine kule Lindi, na za misheni Ndanda na Nyangao. Kwa hiyo madiwani wakikutana, waache kuuliza jengo lina ghorofa ngapi. Waulize vyuma viko stoo saizi zote, au ndugu wa mgonjwa wanaambiwa wakatafute? Damu ipo? Saa nane usiku mtaalamu wa usingizi anapatikana? Na yule daktari bingwa wa mifupa akienda likizo, nani anashika kisu?