Gobori la Babu na Daftari Langu

Babu yangu wa Magu ana gobori lenye kibali, na kwa miaka mingi ukoo mzima umekubali kwamba kazi ya gobori hilo ni kutisha ngedere shambani kwa mlio, kwa kuwa hakuna ngedere aliyewahi kuguswa na risasi yake. Mimi, mwalimu wa fizikia hapa Mwanza mjini, niliiona hali hiyo kuwa ni fedheha. Likizo ya Desemba ilipofika nikapanda basi nikiwa na rula, daftari jipya na majivuno ya kutosha.

Tatizo lenyewe nililijua vizuri. Mtutu wa gobori ni laini kama bomba la maji, hauna michirizo ya kuizungusha risasi, na risasi yake ya duara huwa ndogo kuliko tundu. Hata Brown Bess, bunduki ya zamani ya askari wa Uingereza iliyoshindiliwa kama gobori, ilikuwa na tundu la milimita 19 na risasi ya milimita 17.5 hivi, ili washindilie upesi vitani. Mwanya huo huifanya risasi igongegonge kuta za mtutu na kutoka kuelekea inakotaka yenyewe. Dawa ni kuivika kitambaa kilichopakwa mafuta, nacho kiwe cha pamba, maana nailoni huyeyuka. Pamba iliyokuwa karibu ilikuwa khanga iliyoanikwa kambani, ambayo niliamini kwa dhati kuwa ni kuukuu. Mafuta yalikuwa ya sangara.

Nilisimamisha sanduku lenye karatasi mbele ya kichuguu, si mbele ya jabali, kwa sababu mawe ya kwetu huweza kuirudisha risasi kwa aliyeituma. Nikahesabu hatua 50. Kipimo cha baruti nilikiacha kama Babu alivyokizoea, nikawa nabadilisha jambo moja tu kila mara: unene wa kitambaa, kisha wingi wa mafuta. Baada ya kila mlio moshi mweupe ulitanda kama ukungu wa ziwani alfajiri, nami nikageuka kusafisha mtutu kwa mdeki, ile fimbo ya kushindilia, na kitambaa chenye maji, maana masizi yakiachwa, risasi inayofuata hukwama njiani. Wakati nikisafisha, mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka 10, alikwenda kukagua sanduku na kubadilisha karatasi.

Katika risasi tatu za kwanza, moja iliipata karatasi. Katika tatu zilizofuata, mbili. Nikazidisha sangara, na zote tatu zikaingia. Kufikia saa kumi jioni nilikuwa na matundu matatu yanayofunikwa na kiganja, na daftarini nimeandika kwa herufi kubwa: SANGARA, TABAKA MBILI. Babu aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema, "Mh." Mguno ule haukuingia daftarini.

Kesho yake nikawaalika wazee wa jirani. Nilihesabu hatua 50 upya, nikashindilia kwa madaha huku nikiwaeleza habari za mwanya, nikafyatua. Moshi ulipotawanyika, karatasi ilikuwa nzima. Ya pili, vilevile. Ya tatu ilimega kichuguu, zaidi ya mita moja pembeni. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole kama ile karatasi ilikuwa na hirizi.

Nikamwita mtoto.

"Baba mdogo," alisema, mikono nyuma, "jana jua lilikuwa kali na hatua zako ni ndefu. Kila nikienda nililisogeza sanduku kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Akaonyesha shina la mwembe ambapo sanduku lilikuwa limefikia jioni. Nikapima. Hatua 14.

"Halafu wewe mwenyewe ulisema unataka matundu yakaribiane. Babu alikuwa ananiona, wala hakunikataza."

Babu alikuwa ameinamia kiko chake kwa bidii isiyo ya kawaida, mabega yakimtikisika. Nilikuwa natafuta neno la kusema Shangazi alipotoka ndani, amejifunga khanga yake. Khanga ile ilikuwa imeandikwa ADUI MPENDE, lakini neno la pili lilikwisha kupita mtutuni, kipande kwa kipande. Alisimama akiwa amenielekezea neno lililobaki, nami nililisoma bila taabu, maana kati yetu hazikuzidi hatua 14.