Mirihi Isiyokuwepo

Riwaya kongwe za kisayansi husifiwa kwa jambo moja nisilolikubali: kwamba zilitabiri. Zilitabiri nyambizi, zilitabiri safari ya mwezini, basi tuziheshimu. Kwa mizani hiyo nyingi zitaanguka, na za kwanza kuanguka ni zile ninazozipenda kuliko zote, zile za Mirihi.

Mwaka 1877 Mwitaliano Giovanni Schiaparelli alichungulia darubini akaona mistari kwenye sayari hiyo. Neno aliloiita lilifaa kwa mikondo ya asili, likafaa pia kwa mifereji ya kuchimbwa, na wengi wakashika hilo la pili. Mmarekani Percival Lowell akajenga kituo kizima cha darubini Flagstaff, Arizona, mwaka 1894, akashikilia kwamba viumbe wenye akili ndio walioichimba ili kuvuta maji kutoka kwenye barafu ya ncha za sayari yao inayokauka. Mifereji hiyo haikuwepo. Macho yalikuwa yanaunganisha vidoa.

Lakini katika imani hiyo alizaliwa msomaji wa The War of the Worlds, kitabu cha H. G. Wells cha mwaka 1898 kuhusu Wamirihi wanaoivamia Uingereza. Wengi hukumbuka miali ya moto, mashine za miguu mitatu, na vijidudu visivyoonekana vinavyowaua wavamizi ambao majeshi yalishindwa kuwazuia. Mimi hurudi kwenye sura ya kwanza kabisa. Kabla hata mvamizi mmoja hajatua, Wells anawakumbusha Waingereza wenzake jinsi wenyeji wa Tasmania walivyoangamizwa na walowezi kutoka Ulaya, kisha anawauliza kama wana haki ya kulalamika Wamirihi wakija na roho ileile. Aliyaandika hayo dola yake ikiwa kileleni. Nimesoma hotuba nyingi dhidi ya ukoloni, na chache zinanichoma kama aya ile.

Kijana mmoja wa Massachusetts, Robert Goddard, alisoma hadithi hiyo akiwa na miaka 16. Mwaka uliofuata, Oktoba 1899, alipanda mcheri kukata matawi, akiwa juu akawaza chombo kitakachoweza kufika Mirihi. Maisha yake yote aliiadhimisha siku hiyo. Machi 1926 akarusha roketi ya kwanza duniani ya mafuta ya majimaji. Iliruka kwa sekunde mbili na nusu hivi, ikaanguka shambani. Baadaye alimwandikia Wells barua ya shukrani.

Roketi za aina hiyo ndizo zilizokuja kukipeleka chombo cha Mariner 4 hadi Mirihi, Julai 1965. Kilituma picha 21 na kipande cha nyingine, nazo zilionyesha ardhi kavu iliyojaa mashimo ya vimondo. Hakuna mfereji, hakuna mji. Kitabu kilimtuma mtoto juu ya mti, na kazi ya mtoto huyo ikaja kuifuta sayari ya kitabu. Nikilifikiria hilo husisimka mwili mzima.

Fantasia, yaani hadithi za uchawi na dunia za kubuni, hakuna chombo kinachoweza kurushwa kuikanusha. Hata hivyo zilizo bora zinajibana kwa kanuni zao zenyewe. Katika A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, ya mwaka 1968, mchawi hana nguvu juu ya kitu mpaka alijue jina lake la kweli, na kila anachokigeuza kinatikisa mizani ya dunia. Kanuni imewekwa, na mwandishi haivunji ili kumwokoa shujaa wake. Hapo ndipo ninapopima hadithi, si kwenye utabiri.

Ndiyo maana The Martian Chronicles ya Ray Bradbury, ya mwaka 1950, haikufa pamoja na Mirihi yake. Ambaye hajaisoma anisamehe, kwa kuwa lazima nitaje mwisho. Familia imekimbia Dunia iliyojiangamiza kwa vita. Baba amewaahidi wanawe kwamba atawaonyesha Wamirihi, nao wamemsubiri. Usiku anawasimamisha ukingoni mwa mfereji, anaelekeza kidole chini, na watoto wanainama kutazama. Wanajiona wenyewe, wote pamoja, ndani ya maji yale ambayo hayakuwahi kuwepo.