Kiti Kilichoahidiwa New Echota

Ibara ya saba ya Mkataba wa New Echota, uliotiwa saini tarehe 29 Desemba 1835 katika jimbo la Georgia, inasema kwamba Wacherokee, taifa la wenyeji wa asili wa Amerika, watakuwa na haki ya kuwa na mjumbe katika Baraza la Wawakilishi la Marekani pindi Bunge litakapoweka utaratibu wa jambo hilo. Anayeitetea ahadi hiyo husoma "watakuwa na haki" na kuishia hapo. Anayeipinga huanzia kwenye "pindi" na kusema kwamba kwa kuwa Bunge halijaweka utaratibu wowote, hakuna deni.

Taifa la Cherokee, lenye makao yake Tahlequah, Oklahoma, liliamua mwaka 2019 kudai kiti hicho. Chifu Mkuu Chuck Hoskin Jr. alimteua Kim Teehee, na baraza la taifa likamthibitisha. Mnamo Novemba 2022 Kamati ya Kanuni ya Baraza la Wawakilishi ilisikiliza shauri hilo; Bunge lile likamaliza muda wake Januari iliyofuata pasipo kura kupigwa.

Pingamizi linalotajwa zaidi ni la uwakilishi maradufu. Mcherokee wa Tahlequah tayari ana mbunge, ana maseneta wawili, na humchagua Rais sawasawa na jirani yake asiye Mcherokee. Akiongezewa mjumbe atakuwa na wasemaji wawili katika Baraza lile lile, ilhali jirani ana mmoja. Puerto Rico, Guam na maeneo mengine yenye wajumbe wasio na kura hayalingani naye, kwa sababu wakazi wake hawana mbunge mwingine. Hoja hii si ya kupuuzwa, na watafiti wa sheria wa Bunge lenyewe wameijadili kwa uzito.

Hata hivyo, inapima kitu ambacho hakikuombwa. Mjumbe wa aina hii huzungumza ukumbini, huwasilisha miswada, na hupiga kura ndani ya kamati. Muswada ukifika kwenye kura ya mwisho ya Baraza zima, yeye hukaa kando. Nakubali kwamba kura ya kamati ina nguvu yake, maana miswada mingi hufia humo. Lakini mbunge wa Oklahoma huwasemea wakazi wa eneo lake la uchaguzi, wawe Wacherokee au la, wakati mjumbe angeisemea serikali iliyoingia mkataba na Marekani, yenye raia zaidi ya 450,000, baadhi yao wakiishi nje ya Oklahoma. Samoa ya Marekani na Visiwa vya Mariana Kaskazini, ambavyo katika sensa ya 2020 havikufikia watu 50,000 kila kimoja, vina wajumbe wao, na hakuna anayelalamika kwamba Baraza limejaa.

Pingamizi la pili huniudhi zaidi: kwamba mkataba wenyewe una kasoro, hivyo haufai kuwa msingi wa haki. Kasoro zilikuwepo, na ni kubwa. Waliosaini walikuwa kundi dogo lililoongozwa na Major Ridge, mwanawe John Ridge na Elias Boudinot, bila idhini ya serikali halali ya Wacherokee. Chifu Mkuu John Ross aliupinga, akapeleka Washington malalamiko yenye majina zaidi ya 15,000, katika taifa la watu wapatao 16,000. Mei 1836 Seneti iliuridhia kwa kura 31 dhidi ya 15. Mkataba huhitaji theluthi mbili ya kura, yaani angalau 31 kati ya hizo 46, kwa hiyo seneta mmoja tu angebadili msimamo, mkataba ungeanguka. Ridge wote wawili na Boudinot waliuawa na Wacherokee wenzao tarehe 22 Juni 1839, kwa siku moja, kila mmoja mahali pake.

Lakini kura hiyo moja ilitosha kuchukua ardhi yote ya Wacherokee mashariki ya mto Mississippi. Ilitosha pia, muda wa miaka miwili ulipokwisha Mei 1838, kuwaruhusu askari wa Jenerali Winfield Scott kuwatoa watu majumbani, kuwafungia kambini na kuwasukuma magharibi katika safari ambayo, kwa kadirio linalotajwa mara nyingi, iliua 4,000 miongoni mwao. Serikali ya Marekani haikusema wakati huo kwamba saini zina walakini, basi tusubiri. Inakuwaje karatasi iliyotosha kuhamisha taifa zima ishindwe kuingiza kiti kimoja ukumbini?

Kuhusu lile "pindi", mahakama za Marekani zimezoea kuisoma lugha yenye utata katika mikataba hii kwa namna inayowaelekea wenyeji. Pindi ni neno la wakati; halisemi "iwapo". Ni kweli kwamba tangu hukumu ya 1903 Bunge linatambuliwa kuwa na uwezo wa kuvunja mkataba, lakini ni lazima litamke waziwazi, kama Mahakama Kuu ilivyosisitiza mwaka 2020 kuhusu ardhi ya Wacreek, taifa jingine la wenyeji, katika Oklahoma hiyo hiyo. Sheria iliyotamka kuifuta ibara ya saba haijaonyeshwa, na mkataba wa 1866 ulithibitisha vifungu vya awali visivyogongana nao.

Yapo pia maswali ya utaratibu. Kwamba Teehee aliteuliwa badala ya kuchaguliwa na wananchi halinishtui: kuanzia 1907 wajumbe wa Ufilipino katika Baraza hilo walichaguliwa na bunge la kwao. Gumu zaidi ni nani mrithi wa ahadi, kwa kuwa makundi ya Wacherokee yanayotambuliwa na serikali ya Marekani ni matatu, na kundi la Keetoowah, lenye makao Tahlequah pia, linadai nalo lina haki. Hilo linahitaji jibu kabla mtu hajaapishwa, na Baraza linaweza kulitafuta kwa azimio lake lenyewe, ambalo lingedumu miaka miwili tu hadi Baraza jipya litunge kanuni zake, muda wa kutosha kwa anayedhani Katiba imevunjwa kwenda mahakamani.