Gesi hiyo haikupigwa picha

Makala iliyochapishwa kuhusu kwasari, yaani viini vya galaksi za mbali vinavyong'aa sana, imeeleza vizuri umbali wake, lakini kuandika kwamba darubini “imepiga picha” ya gesi iliyo njiani kati ya kwasari na sisi kutawapotosha wanafunzi wangu wa fizikia hapa Moshi. Gesi hiyo haing'ai kiasi cha kuonekana. Hujulikana kwa mwanga wa kwasari inaoufyonza. Haidrojeni ambayo haijapoteza elektroni yake hufyonza urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 121.6, na kwa kuwa ulimwengu unatanuka na kunyoosha mawimbi ya mwanga ulio safarini, kila wingu la gesi huacha mstari wake mweusi mahali tofauti kwenye spektra (mwanga uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi yake) kulingana na umbali wake, hata kwasari moja ikaonyesha msitu mzima wa mistari. Mwanga ulionyooshwa mara nne tangu upite katika wingu huuleta mstari huo kwenye nanomita 486 hivi, ndani ya mwanga unaoonekana, ndiyo maana darubini za ardhini huupima ingawa urujuanimno wa nanomita 121.6 huzuiwa na angahewa. Magnesi hutambulika kwa urahisi zaidi, kwa mistari yake miwili iliyokaribiana ya nanomita 279.6 na 280.3. Mhariri angeweka mchoro wa spektra badala ya ile picha ya galaksi iliyowekwa kwenye makala, ambayo, kwa maoni yangu, ni pambo tu.