Mbio tatu, mabingwa wawili: ubishi wa Indy 1996

Ligi ina mbio tatu tu msimu mzima, afu zikiisha madereva wawili wamefungana pointi 246 kwa 246 na sheria haina kipengele cha kuwatenganisha, basi wote wakapewa ubingwa. Huo ndo msimu wa kwanza wa Indy Racing League, mwaka 1996, na mabingwa wenyewe ni Buzz Calkins na Scott Sharp. Januari walikimbia Walt Disney World kule Florida, Machi Phoenix, Mei Indianapolis 500, wakafunga hesabu.

Watu wamecheka sana na mpaka leo wanacheka, na ukiuliza nani aliua mbio za matairi wazi Marekani utajibiwa haraka haraka Tony George, yule aliyeianzisha ligi hiyo na kuwagawa watu wa mbio hizi, kesi imeisha. Mi sikubali iishe kirahisi hivyo, maana jamaa alikuwa na hoja, tena hoja nzito, shida yake ni namna alivyoidai.

Tuanze na alichokikuta. Haya magari ambayo matairi yako nje kama ya Formula 1 yalikuwa chini ya ligi iitwayo CART tangu 1979, na CART ilikuwa ya wenye timu wenyewe, kina Roger Penske na Pat Patrick na wenzao, yaani ni kama vilabu ndo vigeuke shirikisho, vijipangie ratiba, sheria na mgao wa hela. Sasa Indianapolis uwanja ulikuwa wa familia ya Hulman, mzee Tony Hulman aliununua 1945, na mjukuu wake Tony George alipokuwa bosi mwaka 1990 akajikuta anamiliki mbio kubwa kuliko zote kwenye kalenda lakini wakati wa maamuzi wanaoamua ni wengine. We ungekaa kimya?

Afu kuna suala la ovali, ile njia ya mviringo ambayo unakata kona kushoto tu mwanzo mwisho. Ndo asili ya mbio za Marekani hizo, kuanzia vijiwanja vya vumbi vya mikoani mpaka Indianapolis. Mwaka 1995 CART walikuwa na mbio 17, za ovali 6 tu, zilizobaki ni barabara za mijini na viwanja vya kona kona. Kijana aliyekulia kwenye vumbi akawa hana pa kupita, kwasababu timu zinataka dereva aliyesomea kona za Ulaya au anayekuja na sponsa mkononi. Jeff Gordon ndo mfano ambao upande wa George hawachoki kuutaja, na wana haki: kijana aliyekuzwa Indiana hapohapo jirani na uwanja, magari ya vumbi anayajua kama kiganja chake, akaishia NASCAR, ile ligi ya magari yenye umbo la gari la kawaida, na 1995 akachukua ubingwa huko. Mtoto wa nyumbani analisha mji wa jirani.

Hoja ya gharama nayo ilikuwepo, ila hapa George anajikwaa kidogo. Wanaomtetea wanapenda kutaja 1994, Penske alivyoleta injini ya Mercedes iliyotengenezwa kwa ajili ya mbio moja tu, Indianapolis, na Al Unser Jr. akashinda. Kweli ni ufujaji. Lakini mwanya ule ulikuwa kwenye sheria za Indianapolis zenyewe, CART hawakuuweka! Na mwaka uliofuata Penske huyohuyo na mahela yake yote magari yake mawili yalishindwa kufuzu kabisa, Unser Jr. na Emerson Fittipaldi, washindi wa miaka miwili iliyotangulia, wakabaki nje. Kwahiyo stopuochi bado ilikuwa haimuogopi tajiri.

Na hapo ndo naingia kwenye kitu kilichovunja kila kitu kwa maoni yangu, sheria ya 25/8. Indianapolis wanaanza magari 33. George akasema nafasi 25 kati ya hizo ni za walio juu kwenye pointi za ligi yake, nane zilizobaki ndo wengine wagombanie. Upande wake wanasema hilo halikuwa kufuli, ilikuwa kuwapa watu sababu ya kuja Disney na Phoenix, ligi changa bila chambo nani ataijia? Naielewa hiyo. Lakini utamu wote wa Mei pale ulikuwa kwamba hata uwe nani, uje, ukimbize raundi nne, saa iseme. Ukishaweka viti vya kuhifadhiwa umeuza kitu ambacho hata babu yako hakukiuza.

Sasa CART wangefanya nini? Wangeweza kwenda kugombania zile nane na kuwaaibisha wenye viti mbele ya dunia nzima, mi hilo ndo ningefanya. Wao wakaona watangaze mbio zao, U.S. 500, siku ileile ya tarehe 26 Mei, Michigan, kwenye uwanja uliokuwa wa Penske. Kwa karatasi walikuwa sahihi, madereva karibu wote wenye majina walikuwa kwao, Andretti, Unser Jr., Zanardi. Ila kiburi hakijawahi kuwa mkakati. Gari zinaikaribia bendera ya kijani ya kuanzia mbio, Jimmy Vasser aliyekuwa mbele kabisa akagusana na Adrian Fernandez, na nyuma yao zikarundikana gari kama kumi na mbili hivi. Hawa ndo waliokuwa wanasema Indianapolis kutajaa wanafunzi! Wakasimamisha, wakaleta magari ya akiba, wakaanza upya, Vasser huyohuyo akashinda na dola milioni moja, akatania kwamba nani anahitaji maziwa, maana mshindi wa Indianapolis hupewa chupa ya maziwa anywe.

Kule Indianapolis nako wanaokimbia kwa mara ya kwanza walikuwa 17, zaidi ya nusu. Magari ni yale ya zamani ya CART, lakini lami ilikuwa mpya, spidi ikapanda: Arie Luyendyk alifuzu kwa wastani wa maili 236.986 kwa saa, kama kilomita 381, na rekodi hiyo haijaguswa mpaka leo. Scott Brayton alishika nafasi ya kwanza ya kuanzia, siku chache baadae akafariki mazoezini baada ya tairi kuishiwa upepo. Kuna watu wanatumia kifo kile kuipiga ligi, mi sioni haki hapo, Brayton alikuwa mzoefu wa miaka mingi, na Julai hiyohiyo CART walimzika Jeff Krosnoff baada ya ajali ya Toronto. Misiba tuiache nje ya hesabu hii.

Na mbio zenyewe zilikuwa nzuri, ndo inayowauma wengi kukubali. Buddy Lazier alikuwa amevunjika mgongo Phoenix mwezi Machi, akaja hivyohivyo, akampita Davy Jones mwishoni mwishoni na kushinda kwa chini ya sekunde moja. Wa kwanza, wa pili na wa tatu wote Wamarekani, George alicheka. Ila hata CART bingwa wao mwaka ule alikuwa Vasser, Mmarekani, kwahiyo ile ya kwamba wamewafungia vijana wa nyumbani ikapoa kidogo.

Mfano mzuri zaidi wa George alikuwa Tony Stewart, kijana wa vumbi wa Indiana, 1996 alianza mbele baada ya msiba wa Brayton, msimu uliofuata akawa bingwa. Afu 1999 akahamia wapi? NASCAR! Ligi iliyoanzishwa kuziba njia ya Gordon ikawa daraja lake.

25/8 nayo mwaka 1997 ikamgeukia mwenye nayo. Baadhi ya wenye nafasi za uhakika walikuwa wa polepole kuliko wengine waliobaki nje, Lyn St. James na Johnny Unser, ikabidi waongeze magari yafike 35. Baada ya hapo wakaifuta.

CART nao hawakurudia kugombana na Indianapolis siku hiyohiyo. Mwaka 2000 Chip Ganassi, timu iliyoshinda ile U.S. 500, ikarudi Indianapolis, Juan Pablo Montoya akaongoza raundi 167 kati ya 200. Vasser alikuwa kwenye gari la pili la timu hiyohiyo, maziwa akanywa mwenzake.